Yale Matano ya Ijumaa

Kwenye ukuta wa karakana yetu pale Magamba palikuwa na ubao wa chaki, kitu ambacho hata wakati ule kilistahili kuwekwa makumbusho. Mwalimu Yafeti Shekalaghe aliuandika mara moja tu, miaka ishirini na sita kabla ya haya ninayoyasimulia, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuufuta. Uliandikwa hivi: MATANO, TUMA. SITA, SIMAMA.

Inabidi nieleze, maana najua wapo wasomaji waliozaliwa zama za vidundo vinavyojitengeneza vyenyewe, na hawajawahi kuisubiri Ijumaa. Enzi zetu kidundo kilikuwa kijimashine cha ukubwa wa punje ya haragwe, kinakaa ndani ya kifua na kuukumbusha moyo mchovu kupiga. Programu iliyokiendesha iliandikwa na watu, kwa vidole vyao, na watu hao walikuwa sisi, tisa kwa jumla, tumevaa masweta mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya Usambara. Kila Ijumaa saa nne asubuhi tulirusha toleo jipya hewani, na mioyo elfu kumi na moja, kutoka Tanga hadi Kigoma, ikalipokea bila wenyewe kukatiza walichokuwa wakifanya. Mwenye kidundo alisikia mtetemo mdogo tu, akajua Magamba wametuma.

Kabla ya kutuma tulimwendesha Mkaguzi. Hilo ndilo jina la skripti aliyoiandika Mwalimu kwa mkono wake, iliyoyaita majaribio yote elfu nne mia tatu na kumi na mawili, moja baada ya jingine, kila mara kwa mpangilio mpya. Kila jaribio lilikuwa moyo wa kuigiza: moyo wa mtu anayekimbia, moyo wa aliyelala, moyo wa mama anayejifungua. Jaribio likifaulu, Mkaguzi aliandika nukta. Likifeli, aliandika alama ya kuzidisha. Mwisho kabisa aliandika mstari mmoja: Yamefeli 5.

Siku zote yalikuwa matano. Vidundo vya kizazi cha kwanza vilichajiwa na kibati cha jua kilichoshonwa begani mwa nguo, na majaribio matano yalikuwa ya kukagua kibati hicho. Kibati kilipoachwa kwa njia nyingine ya kuchaji, majaribio yake yakabaki yakifeli, na Mwalimu akakataa yasifutwe. Alisema jaribio lililomnyima mtu usingizi halifutwi kwa kuwa tu linatukera. Tukayazoea. Ikawa desturi kwamba Mkaguzi akimaliza, aliyekaa karibu na mlango anauliza, "Matano yapo?" na aliyekaa kwenye skrini anajibu, "Yapo yote." Hapo mwenye birika anamimina chai ya tangawizi, na Bi. Mwanaheri Singano, aliyeshika nafasi ya Mwalimu alipostaafu, anabonyeza kutuma.

Ile chai naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu. Nukta zinajaza skrini mstari kwa mstari, ukungu unapanda kutoka bondeni mpaka dirishani, na sisi tisa kimya, tunasubiri. Nilikuwa na furaha pale, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata.

*

Ijumaa moja ya mwezi Machi yakafeli sita. Tukasimama, kama ubao ulivyoagiza. Kazi ikawa kulitafuta la sita, kwa sababu Mkaguzi hakutaja jina la jaribio wala kosa lake, alitoa idadi tu. Tuligawana majaribio elfu nne kwa mafungu, tukaendesha kila fungu peke yake, lenye kosa tukalikata nusu, kisha nusu ya nusu. Chai ilipoa. Alasiri mmoja wetu akakutana na jaribio lililofeli ambalo halikuwa la kibati cha jua: mtu alikuwa amejumlisha mahali pa kutoa kwenye kipimo cha homa. Tukapiga makofi, tukarekebisha, tukaendesha upya, Mkaguzi akaandika matano. Tukatuma na kwenda nyumbani.

Naomba msomaji apakumbuke hapo. Tulikuwa tunatafuta moja lisilo la jua, na tulipolipata la kwanza tukaacha kutafuta.

Bi. Singano hakupenda kupoteza siku nzima kwa kosa la mstari mmoja. Jumatatu aliniita, akaniambia nimboreshe Mkaguzi: kila jaribio litakalofeli liseme jina lake, lilitarajia nini, likapata nini, na kosa liko ukurasa gani. Alinipa mimi kwa sababu nilifundishwa na Mwalimu na ni mimi pekee niliyeweza kuusoma mwandiko wake wa programu bila kutukana. Nilinuna. Kwangu ilikuwa sawa na kuambiwa nikapake rangi kaburi la mtu ambaye bado yu hai.

Jumanne asubuhi nikaifungua skripti. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili Mwalimu aliponikalisha mbele yake kwa mara ya kwanza, akanitaka niisome kwa sauti kama mtu anayesoma gazeti barazani, na kila nilipokwama alisubiri, hakunisaidia. Kila kona ya skripti ile ilinirudishia sauti yake. Hata maelezo aliyojiandikia pembeni yalikuwa ya mtu anayegombana na mwenzake: "Hapa usiharakishe." "Hii inaonekana ya kijinga, iache." Na karibu na mwisho, mahali matokeo yanapoandikwa: "Usitaje majina. Nilishaeleza kwa nini."

Mimi hakuwahi kunieleza. Nikaandika mistari arobaini chini ya maneno hayo. Nukta zake niliziacha, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuziondoa.

Nikaendesha. Nukta zilipita, ikaja Yamefeli 5, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita yale matano yakajitambulisha. La kwanza, kibati cha jua, wingu linapita. La pili, kibati cha jua, mvaaji yuko ndani. La tatu na la nne, kibati tena. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu, kama mtu aliyekutana na watu aliozoea kuwaona kwa mbali. Kisha nikasoma la tano.

Jaribio: Kizazi cha kwanza, kupumzika baada ya kupanda mlima.
Lililotarajiwa: pigo moja kila sekunde.
Lililopatikana: kimya cha sekunde nne, kisha mapigo.

Nilidhani nimemharibu Mkaguzi. Niliendesha mara tatu, jibu likawa lile lile.

*

Kila toleo tulilowahi kutuma lilihifadhiwa, kwa hiyo nilimchukua Mkaguzi mpya nikamrudisha nyuma, Ijumaa kwa Ijumaa. Wiki iliyopita, kimya cha sekunde nne. Krismasi, kipo. Masika ya mwaka jana, kipo. Nikafika Ijumaa ya pili ya Januari ya mwaka jana, miezi kumi na minne nyuma, na hapo nikaona kilichotokea. Wiki iliyotangulia matano yote yalikuwa ya jua. Wiki ile jaribio moja la jua, lile la alfajiri, lilipona lenyewe, na siku hiyo hiyo hili la mlima likaanza kufeli. Moja lilitoka, moja likaingia. Mkaguzi akaandika matano, mtu akauliza kama yapo, mtu akajibu yapo yote, chai ikamiminwa.

Wiki ile kitu kimoja tu kilibadilishwa: saa. Vidundo vyote vilitumia saa moja ndani ya programu, na mtu alikuwa ameiandika upya ili betri idumu zaidi. Vidundo vya kizazi cha kwanza vilihesabu muda kwa vipande vikubwa kuliko vingine, na mtu huyo alisahau. Kwa hiyo mwenye kidundo cha zamani alipopanda mlima moyo ulikwenda vizuri, ila alipokaa kupumzika, kidundo kikishuka kutoka mwendo wa mlima kwenda mwendo wa kiti, kilihesabu vibaya na kunyamaza sekunde nne. Saa mpya ilisifiwa sana. Walimpigia makofi aliyeiandika, na Bi. Singano akamfumia sweta la kijani.

Nilikuwa nimelivaa siku hiyo.

Nikafungua orodha ya wavaaji. Januari ile walikuwepo watu kumi na tisa wenye vidundo vya kizazi cha kwanza, wote wazee, vidundo vyao vimeota ndani kiasi kwamba hakuna daktari aliyetaka kuvitoa. Sasa walikuwa kumi na mmoja. Wanane walikufa katika miezi kumi na minne, na mbele ya kila jina karani aliandika neno moja: uzee. Katika waliobaki, wa saba alikuwa Yafeti Shekalaghe, miaka themanini na moja, Magamba juu.

Marekebisho hayakuchukua saa mbili. Mstari mmoja. Mkaguzi akaandika Yamefeli 4, idadi ambayo karakana ile haikuwahi kuiona, nami nikaenda kwa Bi. Singano na karatasi yangu.

Aliisoma mara mbili, akafunga mlango. Bi. Singano si mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo. Alinikumbusha jambo nililolijua. Kutuma nje ya Ijumaa kulikuwa na sheria yake: sababu iandikwe, na sababu hiyo iwafikie wavaaji wote. Mwaka wa maporomoko ya Soni walituma Jumatatu na kueleza kosa, na watu elfu mbili wakaogopa wakazima vipokezi vyao, vile vinavyopokea matoleo. Wiki tatu baadaye likaja joto kali, toleo la kuwakinga halikuwafikia, na kumi na wanne wakafa. Yeye ameyabeba majina ya hao kumi na wanne mpaka leo, aliniambia, na akayataja matatu pale pale bila kuangalia popote.

"Leo Jumanne," akasema. "Ijumaa ni siku tatu. Tia mstari wako pamoja na mengine, utume, uwe umewaponya wote kumi na mmoja. Hao wanane huwezi kujua, Namkunda. Walikuwa wazee."

Na ni kweli sikuweza kujua. Huenda kimya kile kilimchukua mmoja, huenda kiliwachukua wote. Nilimwomba muda wa kufikiri hadi jioni, akanipa.

*

Nyumba ya Mwalimu iko juu ya barabara, unaifikia kwa ngazi za mawe arobaini na mbili ambazo nilizihesabu enzi za uanafunzi wangu kila Jumamosi, nikimpelekea makosa yangu. Nilimkuta katikati ya ngazi, ndiyo kwanza ametoka chini kuokota plamu zilizoanguka, kapu liko mkononi, anatafuta jiwe la kukalia.

Nilipanda mbio. Sikumwamkia kwanza, nikamshika kiganja na kuweka vidole kwenye mshipa. Akakaa. Mapigo yalikuwa ya haraka, mazuri, ya mtu aliyepanda. Kisha hayakuwepo. Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili. Uso wake ukapoteza rangi na macho yakaangalia pasipo kitu. Tatu. Nne. Likarudi pigo moja zito, kisha mengine.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, nikilia.

"Marahaba. Giza limepita tu, mwanangu. Siku hizi nikikaa linapita, halafu linaondoka. Ni umri."

Nikamwambia siyo umri. Nilimpa karatasi, akaitoa miwani mfukoni, akaisoma kama alivyosoma kazi zangu zote, bila haraka, kidole chini ya mstari. Nilitarajia aniulize kuhusu saa. Aliuliza ni nani aliyeandika jaribio lile la mlima, nami nikamjibu kwamba ni yeye.

"Naam," akasema. "Nililiandika kwa ajili ya Hosiana."

Bi. Hosiana Kihiyo alikuwa mtu wa kwanza kabisa kubeba kidundo. Aliuza mapera ya kizungu sokoni Lushoto, na kila jioni alipanda na kapu lake mpaka kanisani kwa mazoezi ya kwaya, akifika anakaa benchi la nyuma kupumua. Mwalimu, wakati huo kijana wa suruali pana, alimfuata siku nne na saa mkononi, akaandika hatua zake, na jaribio likazaliwa. Alinisimulia haya akitazama bonde, na kwa muda tulikuwa tumesahau tulichokaa kukisema, kwa jinsi alivyokuwa akimwona yule mama akipanda. Kisha akakumbuka, nami nikaona alivyokumbuka. Bi. Hosiana alifariki masika yaliyopita. Walimkuta amekaa kando ya njia, kapu mapajani. Mwalimu ndiye aliyesimama msibani, akawaambia waombolezaji kwamba kidundo kilifanya kazi yake mpaka mwisho.

Nikamuuliza kwa nini alikataza majina. Akasema mwanzoni Mkaguzi alitaja kila kitu, na jaribio lilibeba jina la aliyeharibu. Mafundi walikuwa saba, vijana, wenye majivuno. Aliyefeli alichekwa wiki nzima, na mwezi wa pili wote wakaanza kuandika majaribio mepesi yasiyoweza kufeli. Mmoja, fundi hodari kuliko wote, aliacha kazi kwa aibu. Mwalimu akaondoa majina ili watu wasiogope ukweli, akabakiza idadi. Ilimpendeza sana siku ile, alisema. Aliona amewafanyia wenzake wema.

Nilimweleza pia alichokisema Bi. Singano, wale elfu mbili na wale kumi na wanne. Alisikiliza bila kumbeza.

"Ungenificha?" akauliza.

Nikamwambia nilifikiria, kwa dakika chache, nikiwa njiani.

"Mimi umeniambia kwa kuwa ni mwalimu wako. Wale kumi wengine hawajakufundisha kitu. Wao wanapanda mlima leo, na kesho, na keshokutwa." Akanipa kapu nilibebe. "Nimekukasirikia, Namkunda. Nimejikasirikia na mimi. Sasa nipandishe taratibu, unikalishe taratibu zaidi, halafu urudi ukatume."

*

Nilituma saa kumi na moja jioni, Jumanne. Bi. Singano alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunizuia, na sababu niliiandika mimi, kwa mtindo ule ule niliomfundisha Mkaguzi asubuhi. Lililotarajiwa. Lililopatikana. Tangu lini. Waliokuwa nacho, kumi na tisa. Walio hai, kumi na mmoja. Mstari wa mwisho nikaongeza ambao skripti haikuwa nao: Aliyebadilisha, Namkunda Mshana, Magamba.

Watu mia sita na arobaini walizima vipokezi. Wengi waliwasha tena kabla ya mwezi kuisha. Mmoja, fundi baiskeli wa Kondoa, hakuwahi kuwasha mpaka alipofariki, na jina lake nimelijumlisha na yale manane ninayoyabeba. Sijui kama nilichagua vyema. Nikisema najua nitakuwa nawadanganya.

Jumapili nilikwenda kwa binti wa Bi. Hosiana, anaitwa Tumsifu. Mwalimu alisisitiza twende wote. Nyumba iko juu ya kanisa, njia ni ile ile ya mama yake, na tulipofika kwenye uzio Mwalimu akatafuta jiwe akakaa. Nikamshika kiganja. Pigo, pigo, pigo, yanapungua polepole kama maji ya bomba linalofungwa na mtu mwenye subira. Nilihesabu mpaka sitini bila kukosa hata moja, na ningeendelea, ila akauondoa mkono wake.

"Inatosha. Bisha hodi. Na taja jina lako kwanza."

Tumsifu alitoka akijifuta mikono kwa khanga. Alituweka kwenye benchi la ukumbini, akafurahi kumwona Mwalimu, akaulizia hali yake. Nikataja jina langu. Nikamweleza yote, saa na vipande na matano yetu ya Ijumaa, na nilipofika kwenye makofi na chai sikuruka kitu. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, ni kwa muda gani kidundo kilinyamaza kila mara. Nikamwambia sekunde nne.

Aliinamisha kichwa. Midomo yake ilicheza bila sauti, na kidole kikagonga goti, moja, mbili, tatu, nne.

"Ni nyingi," akasema.

Akaingia ndani. Tulisikia birika likiwekwa jikoni, na baada ya kitambo harufu ya tangawizi ikatufikia pale ukumbini. Alirudi na kikombe kimoja, akampa Mwalimu.